Nimeng'oa gego, kisha nikaharibu kidonda kwa mkono wangu usiku ule ule. Uzi kwa wanaojiandaa kung'oa jino

Bahari Tulivu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Leo ni siku ya 11 tangu ning'olewe gego la chini, upande wa kulia. Kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu wa kunieleza kinachotokea kwenye kile kiti, nikaambulia hadithi za kutisha tu. Yale ya kutisha hayakunipata. Kilichonipata ni jambo ambalo sikulisoma popote, ndiyo maana naandika.

Jino lenyewe lilianza kwa kushtuka kila nikinywa kitu cha baridi. Nikahamia kutafunia kushoto, maisha yakaendelea. Baadaye likaanza kuuma usiku: nikilala linapwita, nikiketi linatulia kidogo, kwa hiyo kuna siku nililala nimeegemea ukuta. Halafu siku moja likanyamaza. Wiki nne nzima halikuuma hata kidogo, nikashukuru nikajua limepona. Daktari alinieleza baadaye kuwa jino likiuma sana kisha likanyamaza ghafla, mara nyingi kiini chake ndiyo kimekufa, na vijidudu vinaendelea kimyakimya kushuka hadi kwenye ncha ya mzizi. Kimya kile mimi nilikiita uponaji. Wiki ya tano niliamka shavu limevimba.

Kwenye kiti sasa. Alipiga picha ya eksirei, akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi na ufa uliokata jino karibu hadi chini. Akasema kama si ufa ule angejaribu kutibu mzizi na kuliacha jino mahali pake. Nikakubali ling'olewe.

Sindano ya ganzi kwa magego ya chini haichomwi karibu na jino tu. Inaingia nyuma kabisa, pale taya zinapokutana, ili kuuzima mshipa wa fahamu wa upande ule wote. Inachoma, sitawadanganya, lakini ni sekunde kadhaa. Moyo ulinienda mbio dakika mbili tatu, akaniambia ni ile dawa ya adrenalini iliyochanganywa kwenye ganzi ili idumu na damu isitoke nyingi. Baada ya kama dakika kumi mdomo wa chini ukawa si wangu, na nusu ya ulimi nayo ikaondoka. Akaligonga jino na kuuchokonoa ufizi kwa chuma chenye ncha, akauliza, "Unasikia nini?" Nikamwambia nasikia unasukuma. Akasema, "Hivyo hivyo. Kusukuma utakusikia mpaka mwisho. Maumivu ukiyasikia, inua mkono, nasimama."

Hapo ndipo hofu ilinitoka. Ganzi inazima maumivu, haizimi mgandamizo. Unasikia taya likiegemewa, unasikia jino likitikiswa huku na huku, na unasikia mlio wa kukatika ndani ya kichwa kama kijiti kikavu. Asiyejua atadhani ameumia kwa kuwa ule mlio unatisha. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa, nikabaki nahesabu taa za dari. Tangu akamate koleo hadi jino kutoka sidhani kama zilifika dakika kumi.

Akaweka shashi iliyokunjwa juu ya tundu, akaniambia niume kwa nguvu nusu saa bila kufungua kuchungulia. Akanipa karatasi ya maelekezo. Nikaitia mfukoni bila kuisoma. Kosa langu la kwanza ni hilo.

Usiku mdomo ulikuwa na ladha ya damu, mate yamekuwa mekundu, nikaona hapana, lazima nisafishe. Nikachanganya maji ya chumvi, nikasukutua kwa nguvu, nikatema. Nikamulika kwa tochi ya simu kwenye kioo: ndani ya tundu kulikuwa na kitu cheusi chekundu, laini, kama kipande cha ini. Nikadhani ni uchafu umekwama. Nikasukutua tena na tena mpaka kikaanguka kwenye sinki. Nikalala nimeridhika kabisa.

Siku ya kwanza na ya pili zilikuwa nzuri. Siku ya tatu jioni yalianza maumivu ambayo jino lenyewe halikuwahi kunipa. Yanatoka kwenye tundu, yanapanda sikioni, yanafika kwenye paji. Mdomo unanuka. Vidonge vya maumivu vinapunguza saa moja, yanarudi. Asubuhi nikarudi kwa daktari, akachungulia mara moja tu, akauliza, "Ulisukutua usiku ule?" Tundu lilikuwa tupu, mfupa uko wazi.

Kile nilichokitupa kwenye sinki ndicho kilikuwa kifuniko cha kidonda changu.

Akaosha taratibu, akapachika kitambaa chenye dawa inayonukia karafuu. Nilipofika nyumbani maumivu yalikuwa yameshuka sana. Nilirudi mara mbili kubadilisha. Sasa naendelea vizuri.

Wenye maswali karibuni, na wenye ujuzi msaidie kurekebisha nilipokosea.

---

Mtembezi wa Usiku

Mkuu umenipa moyo na kunitisha kwa pamoja. Mimi zamu yangu ni Alhamisi, gego la juu kushoto. Nyumbani wananiambia jino la juu lisiguswe kabisa kwa sababu mishipa yake imeungana na macho, ukiling'oa unapofuka au unapoteza kumbukumbu. Nimeahirisha mara mbili kwa ajili ya maneno hayo. Kuna ukweli wowote?

---

Tabibu wa Kinywa

Mimi ni daktari wa meno. Mtembezi, Alhamisi nenda. Hutapofuka.

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na wanaoyasema hawana nia mbaya. Kila upande wa uso unapata hisia zake kupitia mshipa mmoja mkubwa wa fahamu wenye matawi matatu: moja la paji na eneo la jicho, moja la taya la juu, moja la taya la chini. Ndiyo maana jino la juu likiwa na usaha mtu husikia maumivu mpaka chini ya jicho, na shavu likivimba jicho linafumba. Lakini kuona ni kazi ya mshipa mwingine kabisa, unaotoka nyuma ya mboni moja kwa moja hadi kwenye ubongo, na hauna uhusiano na mizizi ya meno. Kinachoweza kulidhuru jicho ni usaha ulioachwa ukasambaa usoni. Kwa hiyo anayeliacha jino bovu kwa kuliogopea jicho analiweka jicho kwenye hatari anayoikimbia.

Jambo moja la kweli kuhusu magego ya juu: juu ya mizizi yake kuna uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu, na kwa watu wengine mizizi inaukaribia sana. Likishang'olewa, daktari akikuambia usipenge kamasi kwa nguvu siku kadhaa, na ukipiga chafya uachie mdomo wazi, mtii. Ukiona maji unayokunywa yanatokea puani, rudi haraka.

Sasa kwa Bahari Tulivu. Pole sana, na asante kwa kuandika bila kuficha. Uliyoyapata tunayaita tundu kavu. Kwa meno ya kawaida huwapata kama mtu 1 hadi 5 kati ya 100, kwa magego ya mwisho ya chini huwa zaidi ya hapo. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya pili na ya nne, na wewe ilikuwa ya tatu, ndivyo linavyokuja. Usijilaumu kupita kiasi: wengine hulipata na hawajasukutua hata mara moja. Wavutaji sigara wako kwenye hatari kubwa, na wanawake wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango nao hatari yao iko juu kidogo.

Ninachotamani kila mtu akielewe ni hili donge la damu. Jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzinyuzi nyembamba zilizojaa kati ya mzizi na mfupa. Tunapolitikisa tunazikata hizo nyuzi na kulitanua tundu kidogo kidogo, ndiyo mlio ule. Likitoka, tundu linajaa damu, damu inaganda, na humo ndani ya donge ndimo nyama mpya inamoota. Donge likiondoka, mfupa unabaki uchi, na mfupa uchi unauma kuliko chochote mdomoni.

Saa 24 za kwanza usisukutue kabisa. Usiteme: mate yajae, yaache yadondoke yenyewe au meza. Usinywe kwa mrija, kwa sababu kunyonya kunalivuta donge. Usiguse kwa ulimi wala kidole. Sigara iache walau siku tatu, zaidi ya hapo ni bora. Kuanzia siku ya pili ndiyo maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na hata hapo unainamisha kichwa tu huku na huku maji yapite, husukumi kwa mashavu.

---

Kijani Kibichi

Daktari mimi swali langu ni la ganzi. Mwaka jana niling'oa nikiwa nimevimba na nilisikia kila kitu. Nilipiga kelele. Kaka aliyenileta hakuamini nilikuwa nimechomwa sindano tatu. Sasa lipo jingine na siwezi kurudi kwenye kiti kile.

---

Tabibu wa Kinywa

Pole ndugu yangu. Hukuwa mwoga, na sindano zilikuwa za kweli. Pale penye uvimbe na usaha nyama inakuwa na tindikali, na ganzi ikiingia kwenye tindikali inafanya kazi kwa shida. Njia zipo: kuchoma mbali na uvimbe ambako mshipa unapita, kubadili aina ya ganzi, au kwanza kuutoa usaha na kukutuliza kisha urudi baada ya siku chache. Mwambie daktari wako kabla hujaketi: "Mara ya mwisho ganzi haikushika." Hilo tu linabadilisha mpango wake wote. Na una haki ya kuinua mkono wakati wowote.

Ningeomba pia usisubiri hilo jino la pili livimbe ndipo uende. Jino linalouma bila uvimbe linakubali ganzi vizuri zaidi.

---

Msomaji wa Zamani

Niongezee kitu hapo kwenye ganzi, maana nikikaa kwenye kile kiti huwa nawafikiria waliotutangulia. Ganzi na usingizi wa upasuaji kwa sehemu kubwa zilisukumwa na jino. Tarehe 11 Desemba 1844 daktari wa meno wa mji wa Hartford huko Marekani, Horace Wells, alivuta hewa ya kuchekesha kisha akamwachia mwenzake amng'oe gego lake mwenyewe ili ajue kama maumivu yatazimika. Yalizimika. Mwezi wa kwanza 1845 alijaribu kuonyesha mbele ya madaktari Boston, mgonjwa akalia, wakamzomea. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Septemba 1846, William Morton akang'oa jino la mtu aliyevutishwa etha, na wiki chache baadaye ndipo hospitali zikaanza kufanya upasuaji mkubwa mgonjwa akiwa usingizini. Lidokaini, ganzi ambayo wengi wetu tunachomwa leo, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Kabla ya hayo yote watu walishikwa mikono na miguu.

---

Mama Wawili

Mimi naomba kusimulia ya mama yangu kwa ufupi, huenda ikamfaa mtu. Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo. Jino lilipomsumbua, jirani akamwambia aache dawa wiki nzima ndipo ang'oe, la sivyo damu itamwisha. Akaacha kimyakimya. Tulipofika kwa daktari wa meno, alipoulizwa dawa anazotumia akasema "nimeshaziacha", daktari alishtuka waziwazi. Akatueleza kuwa damu ya kwenye tundu anaweza kuizuia kwa mikono yake, lakini donge likijitengeneza kwenye moyo likapanda kwenye ubongo, hana la kufanya. Akamrudisha kwa daktari wake wa moyo siku hiyo hiyo. Baadaye aling'olewa akiwa anameza dawa zake kama kawaida, baada ya kupimwa damu, akashonwa nyuzi mbili. Damu ilichuruzika mpaka usiku kisha ikakata.

Kwa hiyo mkiulizwa dawa mnazotumia, tajeni zote.

---

Tabibu wa Kinywa

Dada, ungekuwa karibu ningekushika mkono. Naongezea wachache wa kuwa makini namna hiyo: wenye kisukari ambacho hakijatulia, kwa sababu kidonda kinachelewa na usaha huja upesi, waliobadilishiwa vali za moyo, ambao huhitaji antibayotiki kabla ya kung'oa, na wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile za sindano wanazopewa wagonjwa wa saratani, kwani mfupa wa taya unaweza kugoma kupona. Mjamzito anaweza kung'oa. Miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kwake, lakini kukiwa na usaha hatusubiri.

Na antibayotiki si dawa ya jino kuuma. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nawaona watu waliomeza dozi nne mwaka mmoja kwa jino lile lile. Vidonge haviingii kwenye kiini kilichokufa, kwa sababu damu haifiki tena humo. Vinatuliza uvimbe, unadhani umepona, unarudi tena. Chanzo kiondolewe: ama mzizi utibiwe ama jino litoke.

---

Mzee Kobe

Nimesoma yote. Naheshimu, ila naona uzi unaenda kwenye kung'oa kirahisi mno. Nilipokuwa kijana niling'oa magego matatu ya chini kwa sababu kung'oa kulikuwa haraka na kuziba kulihitaji kurudi. Leo gego lililokuwa nyuma ya pengo limelala mbele kama mti uliopigwa upepo. Gego la juu lililopoteza mwenzake limeshuka, linauma ufizi wa chini nikifunga mdomo. Chakula kinakwama kila mlo. Natafuna kwa meno ya mbele, nayo yanasagika.

Jino lako likiwa linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi, lipiganie. Hakuna jino la bandia nililowahi kuvaa lililofanana na la kuzaliwa.

---

Bahari Tulivu (mwanzisha uzi)

Mzee wangu Kobe, umesema kweli na nakushukuru. Langu lilikuwa limepasuka, ila najua ningelipeleka lilipoanza kushtukia baridi lingezibwa tu na leo ningekuwa nalo. Hilo linaniuma kuliko tundu kavu. Daktari ameniambia mfupa unahitaji miezi kadhaa kujaa, kisha tuzungumze namna ya kuziba pengo lenyewe. Nitakwenda, sitaliacha kama ulivyoachiwa wewe.

---

Ua la Asubuhi

Naomba kuuliza, maumivu ya kawaida baada ya kung'oa yanakuwaje, na dawa gani inatosha? Nataka kujua lini niseme hapa pana tatizo.

---

Tabibu wa Kinywa

Ua, ya kawaida yanakuwa makali siku ya kwanza ganzi ikitoka, kisha kila siku yanapungua. Uvimbe unaweza kuongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu ndipo ushuke. Maumivu yanayopungua kisha yakapanda tena, hayo yalete.

Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayochokozwa na dawa hizi wala ujauzito, na asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000 hufanya kazi vizuri sana zikitumiwa pamoja. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Meza dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha, usingoje maumivu yakukute. Aspirini usimeze kwa ajili ya maumivu haya, inafanya damu itoke zaidi. Kama umeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, hiyo usiiache.

Mate mekundu siku nzima ya kwanza si damu nyingi, tone moja linapaka mate mengi. Ila damu inayojaa mdomoni hata baada ya kuuma shashi safi kwa nguvu nusu saa mara mbili, hiyo rudi. Na kama uvimbe umeshuka chini ya kidevu na shingoni, unashindwa kumeza, ulimi unanyanyuka, au pumzi inabana, usinitafute mimi wala usiandike hapa. Kimbia hospitali, hata ikiwa saa nane ya usiku.

---

Mtembezi wa Usiku

Wakuu, nimerudi. Nimeng'olewa leo asubuhi.

Nilimwambia daktari naogopa, nikamwambia na ile habari ya macho. Akaacha kuvaa glavu, akaketi, akanieleza karibu vile vile Tabibu alivyoeleza hapa. Sindano ya juu niliisikia kidogo sana. Mlio ulipokuja nilikuwa naujua, nikafumba macho nikawakumbuka mlioandika. Lilitoka na mizizi yake mitatu, akanionyesha: kwenye ncha ya mmoja kulikuwa na kifuko kidogo cha usaha kimening'inia. Kitu kidogo hivyo kimenikosesha usingizi miezi mitano.

Sasa ni jioni. Nina ladha ya damu na mkono unaniwasha kuchukua maji. Nimemulika kwa simu mara moja tu: lipo, jeusi jekundu, limejaa mpaka juu.

---

Bahari Tulivu (mwanzisha uzi)

Ndilo hilo hilo ndugu yangu. Zima tochi. Weka mito miwili, lala kichwa kikiwa juu, na maji ya chumvi usiyaguse mpaka kesho muda kama ule uliong'olewa.

---

Mtembezi wa Usiku

Nimezima.